Zamu ya Sinki

Jumanne, 7 Oktoba

Maabara leo. Kemia ya utangulizi, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza. Nimefika mapema, nimejaza chupa za asidi, nimebandika majina ya meza. Treni kutoka Stanmore, ninakoishi hapa London, ilisimama Wembley bila maelezo. Hakuna aliyeuliza. Watu walitazama simu zao tu.

Graham, mkuu wa kozi, amepita kuniarifu kwamba nimeteuliwa katika kamati ya usawa na ujumuishi. Sikuomba. Idara ina mwalimu mweusi mmoja, ambaye ni mimi, kwa hiyo kura haikuhitajika. Kazi ya kamati ni kuhakikisha kila anayeingia kozi za mwanzo za sayansi anapata nafasi sawa na mwenzake. Nimesema sawa.

Wanafunzi wamejigawa watatu watatu. Ndivyo tunavyofanya miaka yote, wachague wenyewe. Waliosoma shule moja wakakimbiliana. Waliobaki wakabakiana.

Mtanzania yuko mmoja. Neema, wa Iringa. Ana arobaini na kitu, mimi nina thelathini na nane. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Harrow. Meneja wake amemruhusu ashike shifti za wikiendi tu, kwa mwaka huu mmoja, ili asome. Anataka kazi ya maabara hospitalini. Ameangukia kundi la Callum na Sophie, watoto waliomaliza shule juzi.

Mlangoni tulikwama. Kwa umri, mimi ndiye wa kumpa shikamoo. Kwa cheo, yeye aliona aibu kuipokea. Tukaishia habari za asubuhi. Wanafunzi wengine wote wananiita Mwanaidi, jina tupu, ndiyo desturi ya hapa. Yeye ananiita mwalimu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kupima asidi kwa besi, kemikali inayoua ukali wake. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye koki chini. Unadondosha tone kwa tone mpaka rangi kwenye flaski igeuke, unafunga, unasoma kipimo. Tone moja likizidi umeharibu. Kila mtu anataka kushika koki.

Neema anaosha. Sijamaliza maelezo ya mwisho, flaski za kundi lake zimeshang'aa. Akaenda kuosha na za meza ya pili. Makundi mengine yaliacha uchafu na kuondoka, kana kwamba mama zao wako nyuma wanakuja.

Nimefurahi. Yule amefundwa. Nimerudi nyumbani nikiwa na moyo mwepesi, jambo ambalo Jumanne hulipati.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kamati. Saa nzima juu ya picha za wanasayansi zitakazowekwa kwenye korido. Nani awepo, nani atoke, fremu za rangi gani. Biskuti zilikuwa nzuri.

Wameniuliza mimi naonaje. Wote wakanigeukia kwa upole, kama watu wanaomsubiri mgonjwa aseme panapouma. Nimesema picha ni wazo zuri. Wameandika.

Jumanne, 28 Oktoba

Meza ya Neema ndiyo safi kuliko zote. Nimesimamisha darasa na kusema watu wajifunze kwake. Akainamisha kichwa, lakini nimeona anatabasamu. Callum akapiga makofi. Alimaanisha, si mtoto mbaya.

Jumamosi, 8 Novemba

Sherehe kwa Mama Jayshree, mwenye nyumba wangu. Mama yake alimzalia Mwanza, na Kiswahili chake hakijaharibika na miaka yote ya Stanmore. Mwanawe amechumbia. Sebule imejaa, koridoni viatu tupu.

Nilikaa kidogo. Nikaona vyombo vinarundikana jikoni. Mimi mpangaji, mimi mdogo, nakaaje? Nikaingia, nikakunja mikono ya gauni, nikaosha. Sahani, masufuria, vikombe vya chai. Nilisikia wanacheka. Nilisikia mzee mmoja anaanza kisa cha duka la baba yake Mwanza, kisa nilichotaka kukisikia. Mwisho wake umemezwa na maji ya bomba.

Nilipotoka, keki ilishakatwa. Picha zimepigwa. Watu wanatafuta viatu vyao. Mama Jayshree akanitazama mikono.

"Mwanaidi, nilikualika kwenye sherehe," akasema. "Wewe umesherehekea na masufuria."

Alitania. Mimi nimepanda juu, nimekaa kitandani na gauni limelowa tumboni, nikamfikiria Neema. Mwezi mzima. Sijawahi kumwona ameshika koki. Nimejaribu kukumbuka hata mara moja, sikumbuki. Namkumbuka mgongo wake tu, kwenye sinki.

Nimejiona mjinga kabisa.

Jumanne, 11 Novemba

Leo sikuzunguka. Nimesimama nyuma nikaangalia meza moja.

Neema analeta vifaa. Callum anaendesha bureti. Sophie anatikisa flaski na kuita namba. Neema anaandika namba. Kisha anaosha. Hakuna aliyemfukuza kwenye bureti. Hakuna aliyemkaribisha pia. Wanamwambia ahsante kila mara, wana adabu zao.

Mwisho nikamuuliza pembeni, kwa Kiswahili, kama amewahi kupima mwenyewe.

"Bado, mwalimu. Wao wanajua."

Mtihani wa vitendo ni tarehe 2 Desemba. Kila mtu peke yake na bureti yake. Anayeanguka haendelei muhula wa pili mpaka arudie Agosti, maana yake aanze tena mwakani. Neema hana mwakani. Ruhusa ya meneja inaisha na mwaka huu wa masomo.

Nimemfuata Graham. Nikamwambia makundi yanahitaji zamu: leo wewe bureti, kesho yeye, na sinki nayo ni zamu ya mtu. Akasema ni wazo zuri sana. Niliandike, lipelekwe kwenye kamati, lianze mwakani. Graham hajawahi kukataa jambo. Anaiachia kalenda ikatae.

Nimeandika ratiba ya zamu mwenyewe. Inaanza Jumanne ijayo. Sijamwomba mtu ruhusa.

Jumanne, 18 Novemba

Zamu. Callum sinki, Sophie kuandika, Neema bureti. Callum akaniuliza sponji liko wapi. Liko pale pale lilipokuwa tangu Oktoba.

Neema alishika koki kwa vidole viwili, kama kitu cha kuazima. Akafungua sana, flaski yote ikawa nyekundu kama sharubati. Akaomba radhi kwa Sophie, akaomba radhi kwangu, nadhani na bureti aliiomba radhi. Sophie akanyoosha mkono amsaidie. Nikamwambia amwache. Nimesema kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Mara ya pili nyekundu. Mara ya tatu nyekundu. Muda ukaisha.

Haikuwa siku nzuri.

Alhamisi, 20 Novemba

Jana nilifungua maabara mchana kwa yeyote anayetaka mazoezi. Nilitangaza darasani, nikatuma na barua pepe kwa wote. Sikutaka kumtaja mtu.

Wamekuja tele. Wote ni wale wanaojua tayari. Walikuja kujua zaidi. Neema hakuja.

Leo nimemkuta kwenye ngazi, nikamuuliza. Alidhani anayetakiwa ataitwa kwa jina. Na kumfuata mwalimu bila kuitwa, akasema, kungeonekana anajipendekeza. Alisema hivyo kama jambo linalojulikana. Na kweli linajulikana, nami nisingekwenda. Mimi kule Tanga niliitwa ofisini kwa mwalimu mara mbili tu, na mara zote mbili nilitoka nikilia.

Hata hivyo nimekasirika. Mlango ulikuwa wazi. Nilitaka aingie. Nimekasirishwa na adabu yake, ambayo ni adabu yangu.

Jumanne, 25 Novemba

Zamu ya bureti leo ya Sophie. Neema kuandika. Zamu yake hairudi kabla ya mtihani, na mtihani ni wiki ijayo.

Ratiba nimeitunga mimi. Ni ya haki kwa kila mtu. Imewapa Callum na Sophie, walioshika bureti tangu mwanzo, haki sawa kabisa na mtu aliyeishika siku moja.

Ningeweza kuivunja. Nikafikiria: wote wanajua sisi tunatoka nchi moja, wanatusikia tukiongea. Watasema nambeba. Niliogopa hilo. Sikuivunja.

Jumanne, 2 Desemba

Mtihani. Mimi msimamizi.

Neema meza ya tatu kutoka dirishani. Amevaa koti jipya la maabara, mikunjo ya pakiti bado inaonekana. Kuanza kwake hakukuwa kubaya. Koki aliifungua taratibu. Rangi ikageuka waridi hafifu, kama inavyotakiwa. Nikapumua.

Kisha akasoma kipimo. Akasoma akiwa amesimama wima, macho juu ya mrija, anatazama chini. Bureti husomwa kwa kuinama, jicho lilingane na maji. Ukisoma kutoka juu, namba zote zinakosea. Jambo hili halimo kwenye maelezo ya mtihani. Wanafunzi hulipata kwa kuinama mara nyingi na kusahihishwa.

Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Ningekohoa tu angeinua kichwa. Angenitazama, mimi ningeinama kidogo, angeelewa. Kwetu watu huelewana hivyo.

Sikukohoa. Akasoma mara tatu, vile vile. Akaandika vizuri, kwa mwandiko wa shule ya msingi ya zamani. Akaosha vifaa vyake kabla ya kutoka. Na vya jirani.

Alhamisi, 4 Desemba

Ameanguka. Nimesahihisha bila majina, kama sheria inavyotaka. Lakini mwandiko ule nimeshausoma kwenye daftari za kundi lile muhula mzima.

Ijumaa, 5 Desemba

Baada ya kazi nimeshuka Edgware Road, nimekula wali na nyama mkahawani. Meza ya pili familia kutoka Oman, bibi anaongea Kiswahili cha Unguja na wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza. Sikuwaamkia. Sikuwa na hamu ya watu.

Kamati ya mitihani inakaa Jumanne. Inaweza kufuta jaribio la mwanafunzi, likahesabiwa halikufanyika, akafanya jipya Januari. Inahitaji sababu. Ugonjwa, msiba, au kosa la idara. Neema si mgonjwa na hajafiwa.

Jumanne, 9 Desemba

Kamati ya mitihani. Mwenyekiti ni profesa mmoja mama, mkavu, ninayemwona mara chache kwa mwaka. Walipofika kwa Neema, Graham akasoma: amehudhuria vipindi vyote, hakuna udhuru. Akageuza ukurasa.

Nikasema kuna kosa la idara. Wakaniuliza lipi.

Nikasema, "Alikuwepo chumbani, hakufundishwa. Vipindi vya mwezi mzima alikuwa kwenye sinki. Nilimwona, na nikamsifia mbele ya wenzake."

Mtu akasogeza kikombe. Mwenyekiti akaniuliza kama nataka maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu kwa jina langu. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudi nyuma, na aliitoa kwa nia njema. Maombi yangu ya kupandishwa daraja yanasikilizwa Machi, na yeye ndiye atakayeyasikiliza. Nikasema yaandikwe.

Wamefuta jaribio. Neema atafanya mtihani tarehe 13 Januari kama mara ya kwanza. Na zamu zitaanza kwa makundi yote ya idara muhula ujao. Mwakani ya Graham imekuja mapema.

Nilitegemea kujisikia vizuri. Nimejisikia mchovu.

Alhamisi, 11 Desemba

Neema alinisubiri koridoni, mbele ya picha mpya. Barua ya uamuzi amepata. Imeeleza sababu. Wamenukuu maneno yangu yote, na sinki.

Hakusalimu.

"Umewaambia wazungu mimi nilikuwa dada wa kazi."

Nikasema niliwaambia kosa langu. Akasema kosa ni la mwalimu lakini anayeonekana anaosha vyombo ni yeye. Callum na Sophie watajua. Mtoto wake wa kike atajua, kwa sababu ndiye anayemsomea barua za chuo. Nikamwambia nilikuwa natafuta njia abaki kwenye kozi. Akatikisa kichwa.

"Unajua kwa nini nilikuwa naosha?" akaniuliza. "Kwa sababu yako. Niliingia nikakuta mwalimu ni mtu wa nyumbani, mwanamke mwenzangu. Nikasema huyu siwezi kumwachia uchafu. Angekuwa mzungu ningeviacha kama wenzangu."

Akaondoka. Sikumfuata.

Nimekaa ofisini. Idara iliniweka kwenye kamati ya usawa kwa imani kwamba mtu kama Neema akimwona mtu kama mimi mbele, atajiona na yeye anaweza. Alichoona ni mtu wa kumwoshea. Na mimi, nikimwona anaosha, niliona malezi. Mzungu yeyote angeona mwanafunzi ambaye hashiki bureti. Huenda asingejali, lakini angeona.

Inaniuma.

Jumatano, 7 Januari

Chuo kitupu bado. Juzi nilimwandikia Neema, kwa jina lake, barua pepe ya mistari miwili: maabara iko wazi leo saa nne asubuhi, njoo ufanye mazoezi. Neno njoo nililifuta mara mbili, nikalirudisha.

Amekuja. Amejibu salamu, basi. Nimempa bureti na maji yenye rangi. Nikakaa mwisho wa chumba na kazi zangu za kusahihisha.

Amepima. Amemwaga. Amepima tena. Mara ya kwanza aliposoma akiwa wima nikaenda, nikainama karibu naye, nikamwonyesha maji yanavyobadilika namba ukishusha jicho. Akainama, akasoma, akainuka, akasoma, akainama tena. Akanuna. Nadhani aliona pale pale ni kitu gani kilichomwangusha, na kwamba kilikuwa kidogo kiasi hicho.

Kabla ya kuondoka aliweka flaski chafu kwenye trei, akavaa koti. Nimeosha mimi.

Jumanne, 13 Januari

Mtihani wake. Nimemwomba Graham asimamie. Nilibaki ofisini kwangu, nikasoma ukurasa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua unahusu nini.

Jumatano, 14 Januari

Graham ameniletea karatasi nisahihishe. Amefaulu. Si kwa kishindo. Vipimo vitatu vinakaribiana, wastani sahihi, alama moja nimekata kwa sababu hakuandika kipimo cha kuanzia. Nimehesabu mara mbili. Amefaulu.

Nimeenda dirishani. Mvua. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaingia darasani.

Jumanne, 20 Januari

Neema amekuja ofisini. Hakuitwa. Aliingia na karatasi mkononi, akavuta kiti, akakaa. Nilidhani anakuja kushukuru, nikajiandaa kusema hapana, kazi ni yako.

Alikuja juu ya ile alama moja. Anasema kipimo cha kuanzia alikiandika, kiko pale pembeni, juu ya jedwali. Nikatazama. Ni kweli kuna namba pembeni. Nikamweleza kwamba utaratibu unataka iwe ndani ya jedwali, imeandikwa kwenye maelezo. Akasema namba ni namba. Nikamwambia hata nikimpa haibadilishi kitu, ameshafaulu. Akasema hajauliza kama inabadilisha kitu.

Tukavutana. Alipandisha sauti. Mimi nikapandisha yangu. Mtu alipita koridoni akapunguza mwendo.

"Sikubali, mwalimu," akasema.

Akauliza nani yuko juu yangu. Nikamwambia Graham, mlango wa pili kushoto. Akachukua karatasi yake akatoka bila kuaga. Nikamsikia anabisha hodi kule, kwa nguvu, na nikasikia kiti kinavutwa.

Nikabaki nasikiliza sauti yake ukutani. Maneno sikuyapata. Aliongea muda mrefu na hakuna aliyemkatiza.